Mandolini ya Shingo Mbili ya Cirino Torrisi

Cirino Torrisi, kinyozi, aliingia karakana yetu Jumatatu, siku ambayo vinyozi wa mji wetu wa Catania hawafungui, akavua kofia, akakaa juu ya gogo la msonobari ambalo mume wangu hamruhusu mtu yeyote kulikalia, akasema anataka kutengenezewa mandolini, ala ile ndogo ya nyuzi, yenye shingo mbili. Venerando alikuwa anapasha moto chuma cha kukunjia mbao. Hata kugeuka hakugeuka. Alimuuliza kama na vichwa anavyo viwili.

Mimi nilikuwa dirishani nakata maua ya gamba la chaza. Katika karakana ile mapambo yote ni kazi yangu, ingawa jina linalobandikwa ndani ya tundu la sauti ni la Venerando peke yake, na miaka yote hiyo hajaona kama kuna neno la kusema juu ya jambo hilo. Niliweka msumeno chini nisikilize. Cirino alikuwa mtu wa maneno mengi lakini si mtu wa kuagiza vitu, na suti aliyovaa ndiyo ile aliyokuwa nayo siku ya harusi yangu.

Alieleza kwa mikono. Tumbo moja, shingo mbili. Ya juu iwe fupi, ya mandolini. Ya chini iwe ndefu na nene, ya mandola, yule dada mkubwa wa mandolini mwenye sauti nzito, ambayo yeye aliipiga tangu utotoni. Venerando akamwambia ukweli wa fundi: mtu ana mikono miwili tu, shingo moja ikipigwa nyingine italala, na uzito wa kitu chenyewe utamvunja bega. Akamwambia vilevile kwamba vitu vya namna hiyo ni vya watu wa sarakasi. Cirino akaitikia yote kwa kichwa, kisha akasema anaitaka hivyohivyo.

Inabidi niwaeleze akina Torrisi walikuwa nani. Mtaani kwetu, nyuma ya soko la Karmeli, kinyozi asiyejua kupiga mandolini tulimwona mkata nywele tu. Ukienda kunyolewa unakuta watu wanangoja, na wanaongoja hawawezi kukaa wakitazamana, kwa hiyo kinyozi asiye na kichwa mkononi hushusha ala yake msumarini akapiga. Duka la akina Torrisi lilikuwa na viti viwili na vinyozi wawili, Orazio mkubwa na Cirino mdogo, na walipopata nafasi ya kupiga pamoja hata wauza samaki walinyamaza, na wauza samaki wetu hawamnyamazii askofu.

Baba yao ndiye aliyewagawa. Alimpa Orazio mandolini na Cirino mandola wangali watoto, akamfundisha kila mmoja sehemu yake katika chumba chake, ili mtu asije akaacha kazi yake akadandia ya mwenzake. Noti za muziki hawakuzijua hata moja. Walipiga nyimbo za dansi, walsi, polka na mazurka, nyingi sana, na kila wimbo ulikuwa umekatwa nusu: nusu vidoleni mwa Orazio, nusu vidoleni mwa Cirino. Nusu ya Orazio ndiyo wimbo wenyewe, ile sauti unayotoka nayo dukani ukiipiga mluzi. Nusu ya Cirino ilikuwa ya kushikilia chini, pum-cha-cha, pum-cha-cha, kazi ambayo hakuna anayeishangilia mpaka siku inapokosekana. Nilimuuliza zamani ikoje mtu apige wimbo maisha yake yote asiujue. Alicheka. Alisema, "Mimi namshikilia ngazi, shemeji. Anayeona darini kuna nini ni yeye."

Ulikuwepo wimbo mmoja ambao si wa baba yao. Orazio alitekwa vitani na Waingereza wakampeleka Kenya, kwenye kambi ya wafungwa ya Nanyuki, akakaa huko miaka. Mandolini yake ilipotelea njiani, kwa hiyo aliutunga kichwani tu, akiwanyoa wafungwa wenzake. Siku aliyorudi aliupiga kabla hata hajafungua mzigo, akauita Nanyuki. Jina lile lilitushinda kulitamka. Wengi tuliamini ni la mwanamke, na Pippina, mkewe, alimhoji mara nyingi kwa nusu utani na nusu si utani. Ilikuwa walsi, tena ya furaha, lakini katikati ilikuwa na mahali ambapo Orazio aliacha kuzunguka, akakimbia juu ya nyuzi namna ambayo hakuna aliyeweza kuifuata hata kwa mdomo. Tulikuwa tunaachama tu. Cirino alisema mahali pale hesabu yake ya mapigo ilikuwa ngumu kiasi kwamba hakupata hata siku moja kuinua macho.

Basi mwaka ule Cirino alipotujia, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Agata ya Februari, moyo wa Orazio ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa anashikilia kiti cha mteja ili asianguke, na mteja mwenye wembe shingoni hapendi mambo hayo. Daktari alimkataza chumvi, mvinyo, ngazi na kusimama. Akapanda kwake, ghorofa iliyo juu ya duka, na mandolini akapanda nayo, ikatundikwa msumarini juu ya kitanda. Cirino alikitandika kiti cha kaka yake shuka jeupe, akabaki chini peke yake. Alikuwa hakuoa, analala chumba cha nyuma ya duka, na ndugu yake huyo ndiye aliyekuwa mkewe, watoto wake na kanisa lake.

Sasa Jumatatu ile Venerando alimwambia jambo la akili, nami nililiona la akili. Alimwonyesha mandolini mbili zilizokuwa zimetundikwa, kavu, tayari. Alimwambia achukue moja leo hii kama anataka kujifunza.

"Nikitoka hapa na mandolini kwapani," Cirino alisema, "kabla sijafika kona mtaa mzima utakuwa umesema Cirino anakalia kiti cha kaka yake, na kaka yake yu hai. Na yeye atasikia. Dirisha lake liko wazi mchana kutwa."

"Na yenye shingo mbili hawatasema?"

"Watacheka. Watasema Cirino kapata wazimu wa uzeeni. Waache wacheke. Mimi nampandia nayo juu, namwambia kaka, tazama dudu alilonitengenezea Venerando, hebu nionyeshe hili la juu linapigwaje. Unamjua Orazio. Hawezi kusikia kitu kinapigwa vibaya akanyamaza. Atanifundisha kwa matusi, wimbo mmoja baada ya mwingine, wala hatajua kama anafundisha. Hatajua kwamba mimi nadhani anakufa."

Akaanza kuizungusha kofia yake. Halafu akasema asipofanya hivyo nusu zote za kaka yake zitaingia kaburini, na yeye atabaki na pum-cha-cha hadi kufa kwake.

Mtu asiye wa kwetu atauliza kwa nini hakupanda ngazi akaishusha ile iliyokuwa juu ya kitanda. Kwa vinyozi wetu ala ya mtu haiguswi akiwa hai. Ukiishusha msumarini kabla hajakwambia uishushe, umeshamzika, na mwenye ala naye hamwambii mtu aishushe, kwa sababu atakuwa amejizika mwenyewe. Na kumwomba ni kulekule. Kwa hiyo mpango wa Cirino ulikuwa na adabu tele, nasi sote watatu tuliuona mzuri. Wanaume wa mtaa wetu wanaweza kumnyoa mtu koo huku wakimsimulia siri za mkewe, lakini neno moja la kweli kwa ndugu wa tumbo moja linawakwama.

Daktari alikuwa amesema Orazio akiacha chumvi atayaona maua ya lozi ya mwaka ujao. Hesabu yetu ikasimama hapo. Venerando aliahidi kazi itakuwa tayari katikati ya Agosti, nami nikaapishwa nisimwambie mtu ni ya nini.

Mume wangu ni fundi mzuri, na ni mtu wa kuudhi. Mbao za tumbo alizikunja moja moja juu ya chuma cha moto, nyembamba za kuona mwanga, akazibandika ubavu kwa ubavu kwa gundi ya ngozi, na kila ubao aliungoja ukauke kabla ya kugusa mwingine. Shingo mbili zinavuta uso wa ala kwa nguvu maradufu, ndiyo maana ilimbidi abuni mihimili ya ndani ambayo hakuwahi kuitengeneza. Alichora, akafuta, akachora tena ukutani, juu ya chokaa yangu mpya. Mwezi wa Mei ukaja upepo wa kusini, ule wa joto na unyevu unaofanya hata shuka zisikauke, na gundi ikakataa kushika. Uso ukainuka upande mmoja, kidogo tu, upana wa ukucha. Mimi nisingeuona. Yeye aliubandua wote, akaanza upya na msonobari mwingine.

Tuligombana. Nilimwambia mgonjwa hangoji msonobari wake. Aliniambia ala ikifumuka mikononi mwa Cirino mbele ya Orazio itakuwa aibu mara mbili. Nilimwambia ampe bila vanishi. Akanitazama kana kwamba nimemwambia atoke barabarani bila suruali.

Cirino alikuja kila alipopata upenyo. Aligonga tumbo lile kwa kidole, akasikiliza, akauliza siku. Habari zilikuwa zimetoka, maana katika mtaa wetu hata chungu kikipasuka kinajulikana kilipikiwa nini. Mchinjaji alimuuliza kama shingo ya pili ni ya mke atakayemwoa. Msimamizi wa kanisa alimwambia akimaliza hiyo aagize na kiatu cha miguu mitatu. Cirino aliwajibu wote, tena kwa ufundi, na jioni alipanda juu kumjulia hali kaka yake.

Mimi pia nilipanda mara nyingi kumsaidia Pippina. Nilimkuta Orazio ameegemea mito, amekonda usoni na kujaa miguuni, mandolini kifuani. Alipenda kupiga alasiri, dirisha likiwa wazi juu ya mlango wa duka. Lakini alikuwa anapiga polepole, kifungu kimoja, anasimama, anarudia kilekile, polepole zaidi, tena na tena, kisha kinachofuata. Mimi niliona nguvu zimemwishia, anakwama. Roho iliniuma, nikajitia kukunja nguo.

Chini, kila Cirino aliposikia mandolini inaanza, alikuwa anaacha kichwa cha mteja na kwenda kufunga mlango wa kioo. Niliona hilo kwa macho yangu. Anafunga, anawasha redio, anarudi kunyoa. Wateja walielewa, nami nilielewa: hakutaka watu wamsikie Orazio Torrisi akikwama. Niliona ni heshima kubwa.

Orazio alikufa mwezi wa Julai. Pippina alikuwa anamlainishia mkate ndani ya maziwa, akageuka, basi. Ala ya Cirino siku hiyo ilikuwa juu ya meza yetu, shingo zote mbili mahali pake, bila uzi hata mmoja, vanishi mbichi.

Kwetu kinyozi akifa hunyolewa na kinyozi mwenzake. Walikuja watatu wa mitaa ya jirani na mikoba yao. Cirino aliwashukuru, akawaambia wakae. Alipanda na maji ya moto, akakoroga sabuni, akampaka kaka yake mpaka masikioni. Tulisimama mlangoni, mimi na Pippina.  Cirino alinyoa shavu la kulia likawa safi, akafuta wembe, akasema taratibu, kwa mazoea ya kazi, "Nigeuzie upande wa pili." Akangoja. Alingoja hasa, wembe juu, mpaka mwenyewe akatambua. Hapo ndipo alipokigeuza kile kichwa kwa mikono miwili, na sijapata kuona mtu akishika kitu kwa upole namna ile. Alimaliza shavu la pili. Alimpaka na manukato, yale ya wateja wa Jumapili.

Nyumba yenye msiba haiwashi moto, kwa hiyo majirani tulipika. Siku ya pili baada ya mazishi nilipeleka tambi na biringanya, nikawakuta Pippina na Cirino wamekaa jikoni. Niliwapakulia. Cirino alishika uma, hakula. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, na kutoka pale tulipoketi mandolini ilionekana juu ya kitanda kitupu.

Pippina hakuwa mwanamke wa kelele. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu.

"Shemeji, ulikuwa unangoja nini?"

Cirino hakuelewa.

"Miezi hii yote. Kila jioni ukikaribia kupanda alikuwa ananiambia nimsogezee miguu ukutani, ili upate pa kukaa na mandola yako. Unapanda mikono mitupu. Unakaa pale kwenye kiti cha mlangoni, unamweleza habari za mpira, unashuka. Nami narudisha miguu yake."

"Sikutaka ajue kwamba nadhani anakufa."

"Alijua anakufa. Hakutaka wewe ujue kwamba anajua." Alifuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Unafikiri kwa nini alikuwa anapiga polepole vile? Kifungu kimoja alasiri nzima? Nguvu alikuwa nazo, aliponipigia mimi alipiga kama zamani. Alikuwa anakufundisha, Cirino. Aliniambia, mimi siwezi kumwita, atalia, lakini yuko hapo chini na masikio anayo, ataokota."

Nilimwona Cirino anavyopokea maneno hayo, na sitaki kumwona mtu mwingine hivyo. Hakulia. Alitazama sakafu, upande ule lilipo duka chini yetu.

"Nilikuwa nafunga mlango," alisema.

Pippina akamwangalia.

"Nilikuwa nafunga mlango na kuwasha redio. Ili wateja wasimsikie akikwama."

Baadaye sana alimweleza habari ya mandolini ya shingo mbili, mpango wote, na alivyotaka kumfanya kaka yake afundishe bila kujua. Alieleza kwa aibu, maneno yakijikwaa. Pippina alisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuza uso kuelekea chumbani, akasema, "Na mandolini yake ilikuwa pale ukutani." Akainuka, akaanza kuosha sahani ambazo hazikuliwa. Alimwambia aichukue sasa, imekuwa yake. Cirino akasema ibaki ilipo, na hadi leo ipo.

Nilirudi karakana nimefura. Nilikuwa na hasira na Cirino, na Orazio, na baba yao aliyewatenga vyumba, na adabu yetu hii tunayoisifia hadi makanisani. Ndugu wawili, sakafu moja kati yao, mmoja anafundisha na mwingine anafunga mlango, na kila mmoja akifanya hivyo kwa mapenzi. Nilimweleza Venerando. Aliisogelea ile ala. Kisha akachukua msumeno mwembamba, akasema atamkatia shingo ya juu, azibe pengo kwa mpingo na maua yangu, iwe mandola ya kawaida, asiwe anaiona. Hilo ndilo wazo pekee la huruma ambalo nimewahi kumsikia akilitoa bila kulazimishwa, na nilimpenda kwa ajili yake.

Lakini Cirino alikataa. "Maliza ulichoanza," alimwambia. Akaja kuichukua Agosti, siku ileile iliyoahidiwa. Aliibeba mikononi mtaa mzima, amevaa nyeusi, ndevu hazijanyolewa, maana kinyozi mwenye msiba huachia zake. Shingo mbili zilitokeza juu ya bega lake. Mchinjaji alikuwa mlangoni pake. Alivua kofia.

Mwaka mzima duka lile halikupiga muziki. Msiba ni msiba, ala hutundikwa imegeuziwa uso ukutani. Wateja walinyolewa wakisikia mkasi tu, na wengi walikwenda kwingine, siwalaumu. Cirino alifanya kazi, akafunga, akalala. Aliponyoa alinyamaza, yeye aliyekuwa haachi kusema hata akiwa na brashi ya sabuni mdomoni. Mlango wa kioo aliung'oa bawaba zake, akauegemeza uani. Majira ya baridi wateja walilalamika kwamba wanaganda. Aliwapa blanketi.

Msiba ulipoisha, Jumamosi ya kwanza, alijinyoa, akageuza ala, akaketi nayo. Duka lilijaa mpaka nje. Mimi na Pippina tulisimama kizingitini, kwa sababu duka la kinyozi si mahali pa wanawake, ingawa hakuna ambaye siku hiyo angetufukuza. Alianza walsi ya baba yake kwenye shingo ya chini. Pum-cha-cha, pum-cha-cha. Ilikuwa safi, haikukosa hata pigo moja, na juu yake hapakuwa na kitu. Sijui kama nitaweza kulieleza hilo. Lilikuwa jambo la kutia haya, kana kwamba tumemkuta mtu hajavaa.

Ndipo msimamizi wa kanisa, yule mwenye utani wa kiatu, akaanza kuimba ule wimbo kwa mdomo uliofumbwa. Mchinjaji akamfuata. Kila mmoja aliutoa kama alivyoupiga mluzi maisha yake yote, huyu kifungu hiki, yule kile, mwingine akiwasahihisha. Mwenye sabuni usoni aliimba kwa pua. Cirino hakuinua macho. Alishikilia chini, nao wakapanda. Toka siku ile ndivyo inavyokuwa: nusu ya Orazio ilikuwa imesambaa mtaani, kwa watu wasiojua kushika hata kijiko vizuri, na kwa muda wa miezi waliikusanya, wimbo kwa wimbo, kwa makosa yao yote. Akiwa peke yake Cirino alijaribu kuyahamishia yale waliyoimba kwenye shingo ya juu. Vidole havikukubali. Nyuzi za shingo hiyo hazijawahi kubadilishwa, zimeingia kutu.

Nanyuki aliiacha mwisho. Watu waliijua vizuri, ndiyo waliyoipenda kuliko zote, nao waliianza kwa sauti kubwa, mpaka Pippina pale mlangoni akaimba, yeye asiyeimba. Wakafika katikati, mahali pale pa kukimbia. Wakanyamaza wote kwa pamoja. Hakuna aliyeijua sehemu hiyo.  Pippina alikuwa anatikisa kichwa, anatafuta, machozi yakimtoka, akasema kwa sauti ndogo kwamba huko ndiko alikokuwa akikimbia Orazio, ndipo hapa, ndipo hapa. Cirino hakusimama. Aliendelea kushikilia chini, na hesabu yake ngumu, pigo kwa pigo, kwa urefu uleule ambao kaka yake alikuwa akiuchukua, akiwa ameinua macho kwa mara ya kwanza mahali pale, anatazama dari. Tulingoja. Kisha walsi ikarudi kuzunguka, tukaingia tena.

Hivyo ndivyo Nanyuki inavyopigwa mtaani kwetu. Cirino sasa ni mzee, anawafundisha vinyozi vijana sehemu ya pili, na wateja bado huimba. Wako wengi ambao hawakumsikia Orazio hata siku moja. Wakifika katikati hunyamaza vizuri, kwa nidhamu, bila kuuliza. Wanadhani ndivyo ilivyotungwa.